Zamu ya Nyumba ya Winfrida

Moja

Imelda alikisokota kile kijiti huku anazungumzia shule, na hilo ndilo lililomtia mama yake ubaridi.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, ule mwezi ambao baridi ya Kilondwe haimheshimu mtu. Winfrida Mligo alikuwa uani anapepeta maharage. Binti yake wa miaka kumi na sita alikaa kwenye kizingiti cha jiko anaota moto, maana hii ilikuwa wiki ya pili kichwa kinamuuma na shule haendi. Alikuwa analalamika kwamba wenzake wa kidato cha tatu watakuwa wamefika mbali kwenye kemia, na yeye hapendi kunakili daftari la mtu. Huku analalamika, mikono yake ikaokota jani kavu la muhindi, ikalifikicha, ikamwaga mafikicho kwenye kipande cha karatasi. Vidole vitatu vikasokota, ulimi ukapita ukingoni mara moja, kidole gumba kikafunga. Kikatoka kimenyooka na kimebana, kazi ya fundi. Mwenyewe wala hakuwa anaangalia.

Winfrida akaweka ungo chini. Mtoto huyu hajawahi kuvuta kitu. Ni mtoto wa kwaya, mtoto ambaye moshi wa kuni tu unampeleka nje anakohoa. Na usokotaji ule una mwenyewe. Katika ukoo mzima wa Mligo aliyesokota kwa vidole vitatu ni mmoja tu, mjomba wake Otmar, ambaye alikuwa ameacha bangi miezi saba sasa na kijiji kizima kinamshangilia.

Alipoulizwa anafanya nini, Imelda akakitazama kile kijiti mkononi mwake, akakitupa motoni haraka, kisha akaanza kulia kimyakimya. Ndipo yakatoka yote. Kumbe si kichwa tu. Kwa siku kumi na tatu kuna mtu anazungumza naye akiwa nyuma ya tangi la maji, pale zinapoishia nyavu za kunasia ukungu. Ameshaenda kuangalia mara nyingi na hakuna mtu. Na mdomo wake unatamani kitu ambacho haukijui, anatamani mpaka meno yanauma, na alikuwa hataki kumwambia mama kwa sababu mama ana mambo mengi.

“Anakohoa kwanza,” Imelda akasema. “Halafu ananiambia watu wako njiani, nisilale. Mama, si ndiye yule wa mjomba?”

Ndiye. Winfrida alimfahamu mzee wa kikohozi kwa miaka minane bila kumsikia hata siku moja. Akamkumbatia mtoto, akamwambia ni homa tu, malaria ya kichwani, itapita. Alisema uongo huo bila kumeza mate, na alipokwisha kuusema akakaa palepale kwenye maharage.

Mbili

Ili mtu asije akadhani huyu ni mama mzembe, ni haki ielezwe walikotoka.

Otmar ni kitinda mimba wao. Bangi aliianza kwenye kambi ya mbao akiwa na miaka kumi na tisa, kwa sababu kila mtu kambini alivuta. Wengi wa wenzake walivuta wakaacha, wakaoa, wakanenepa. Yeye ikamshika. Mwaka wa nne mzee wa kikohozi akahamia kichwani mwake, na tangu hapo nyumba ya Mligo haikuwa tena na siku ya kawaida. Otmar alivunja mlango wa sakristia akitafuta pa kujificha. Alimtuhumu mama yao mzazi kumtilia sumu kwenye uji, na bibi wa watu akafa akiwa bado anaonja kila chakula mbele yake kabla hajampa. Nyumba ya soba alikwenda mara mbili, akarudi mara mbili. Vidonge alivificha chini ya ulimi akavitema bandani. Na kamba pia, tusifiche, walimfunga kamba. Menas, kaka yao mkubwa, ndiye aliyekaza fundo huku machozi yanamtoka.

Basi iliposikika kwamba kituo cha Lihanga kinatoa tiba ya bega, walikwenda mbio. Tiba yenyewe, kwa maneno ya watu, ni hivi: mgonjwa anatiwa punje nyuma ya sikio, kitu kidogo kuliko mchele. Ndugu yake wa damu anavaa utepe shingoni, kwa muda wa saa sita kila siku, kwa miezi sita. Arosto, ile kiu ya bangi, ikimpanda mgonjwa, punje inaivuta na kuipeleka kwa mwenye utepe, popote alipo, kwa mnara uleule unaopeleka simu. Ubongo wa huyo ndugu haujawahi kuionja bangi, kwa hiyo ile hamu haina pa kukaa. Inazungukazunguka, inachoka, inalala. Sauti nazo ni hivyohivyo. Huku nyuma kichwa cha mgonjwa kinapata nafasi ya kujikarabati. Na huyo anayevaa utepe ndiye anaitwa bega.

Masharti yalikuwa machache, yakasomwa kwa sauti. Bega awe amevuka miaka ishirini na mitano. Bega ni mmoja, utepe haupokezanwi.

Menas akavaa. Miezi miwili alivaa, na watu waliomjua walimwonea huruma. Mzee wa miaka hamsini, mwanakamati wa parokia, ambaye pombe yake ni kikombe kimoja cha ulanzi siku ya sikukuu, unamkuta shambani kwenye miparachichi anatetemeka kwa hamu ya bangi asiyoijua hata ladha. Akakonda, suruali ikawa inafungwa kwa kamba. Siku moja akalala katikati ya mistari, akaokotwa na wachumaji wake. Hapo ndipo Winfrida alipoita kikao.

Ni yeye. Wazo lilikuwa lake na hawezi kumsingizia mtu. Kilondwe, shamba likimshinda mtu mmoja, unapigwa mgowe: kila nyumba inatoa mtu mmoja, wanaingia pamoja, jioni kazi imekwisha na mwenye shamba anawapikia. Asiyeweza kwenda anatuma mtu wa nyumbani mwake. Nyumba isiyotuma mtu inasemwa mpaka wajukuu. Winfrida akasimama mbele ya ndugu zake akasema kwamba ya Otmar nayo ni kazi, na kazi ina namna yake.

“Lihanga wanasema bega mmoja kwa sababu wao wamezoea mgonjwa mmoja kitanda kimoja,” alisema. “Hawajui kazi ya watu wengi. Tukishika zamu wiki mojamoja, hakuna atakayeumia.”

Mama yangu, walivyofurahi. Menas alilia. Kolumba, dada yao anayemfuata Winfrida, akachukua wiki ya kwanza palepale, baba mdogo Blasio ya pili, Menas apumzike arudi ya nne. Wiki ya tatu ilikuwa ya nyumba ya Winfrida. Hakuna aliyeona ubaya. Walikuwa wanapendana, na waliona kituo kimekosa tu kufikiri walichokifikiri wao.

Sasa, Winfrida ana kifafa. Alikuwa nacho tangu darasa la sita, na alikuwa hajamwambia mtu isipokuwa marehemu mama yake, aliyemfichia. Vidonge anavifuata wilaya ya pili. Alikwishaona mtoto wa jirani aliyeanguka kanisani, jinsi watu walivyoacha kugusa kikombe chake, na pale anapofanya kazi, kwenye mashine ya kuchagua maparachichi, mtu wa kuanguka hawekwi karibu na mkanda. Zamu yake ilipofika alijifungia chumbani akabandika utepe shingoni. Taa ikawaka nyekundu. Akautoa, akafuta shingo kwa kitambaa, akabandika tena. Nyekundu. Mara ya tatu nyekundu. Mtambo ulikuwa umeona kitu usichokitaka.

Angeweza kutoka akasema. Badala yake alimwita Imelda, akamwambia zamu yetu imefika nami nina kizunguzungu, mshikie mjomba wako. Umri nao aliukumbuka, akajiambia kwamba masharti ya hospitali siku zote wanayapandisha juu ili wawe salama. Imelda aliinua nywele akainamisha shingo. Taa ya kijani ikawaka papo hapo.

“Imenikubali,” alisema, anatabasamu.

Zamu nne alizishika kabla miezi sita haijakwisha, na ndugu walimwona amevaa. Nne, na kila mara alikwenda shule ameficha utepe chini ya skafu ya sare.

Tatu

Tabibu wa Lihanga aliitwa Editha Nyagawa, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mpole, mwenye haraka. Alimlaza Imelda kwenye kitanda cha vipimo, akamfunika shuka, akamwambia ahesabu kurudi nyuma kutoka mia. Kisha akamtoa Winfrida nje ya ukuta wa kioo, akauliza swali moja: utepe wa Otmar ulivaliwa na nani?

Winfrida akasema Menas. Tabibu akamgeuzia kibao chake cha skrini. Kwenye kibao palikuwa na mistari minne ya rangi nne.

“Mama, hawa ni watu wanne,” tabibu akasema. “Na mmoja ni huyu mtoto.”

Hapo ikabidi aeleze mgowe. Alieleza vizuri, kwa kirefu, akijua wazi jinsi unavyosikika ndani ya chumba kile cheupe. Tabibu hakumkemea. Alikaa chini, na hilo likamtisha Winfrida kuliko kukemewa.

Alichoeleza tabibu kilikuwa hivi. Utepe, siku kumi za kwanza, ni mwanafunzi: unausoma ubongo wa bega, njia zake, milango yake. Baada ya hapo hausomi tena, unaamuru. Ulikuwa umemsoma Menas. Ukiuvisha shingo nyingine, unailazimisha shingo hiyo iwe Menas, na pale isipolingana, hamu na sauti hazichoki wala hazilali. Zinabaki chini kama machicha. Kwa watu wazima machicha hukauka. Kolumba ataota ndoto mbaya mwaka mmoja, mzee Blasio atachukia harufu ya moshi, basi. Lakini ubongo wa miaka kumi na sita bado unajengwa. Kila kinachoingia unakigeuza tofali.

“Tayari?” Winfrida akauliza.

Bado, lakini karibu. Tofali lilikuwa bichi. Kwa muda wa siku kumi, labda kumi na moja, punje ya Otmar ingeweza kuagizwa ivute mzigo wake iurudishe ulikotoka, wote, wa mtoto na wa wale wazima, kwa sababu haijui kuchagua. Baada ya siku hizo Imelda atakuwa mgonjwa yeye mwenyewe. Atapewa dawa, atapewa unasihi, na tabibu hakutaka kumdanganya: wako wanaopona, wako wanaoishi nao vizuri, na wako wasiopona. Na Otmar je? Otmar atarudiwa na yote ya miaka kumi na miwili kwa siku moja. Naye atatibiwa kwa dawa na unasihi, kama zamani. Tiba ya bega haifanyiki mara mbili kwenye kichwa kimoja.

Winfrida akasema, basi nipeni mimi. Alisema hivyo haraka kabla woga haujamuwahi. Ni mama yake, damu yao moja, uvuteni mzigo muuweke kwangu. Tabibu akasita, akasema kinadharia inawezekana, akatoa utepe mpya kwenye karatasi yake, akaubandika shingoni mwa Winfrida. Nyekundu. Akatazama kibao muda mrefu.

“Una kifafa, mama.”

Nje ya dirisha la vidonge, ilikuwa mara ya kwanza tangu mama yake afe kusikia mtu akilitamka neno hilo juu yake. Tabibu aliutoa utepe kwa upole akautupa, na hakuuliza tena ni kwa nini mtoto alivaa, maana alikwishaelewa.

Lililobaki lilikuwa karatasi. Siku Otmar alipopokelewa alikuwa haongei na watu ila na mzee wake wa kikohozi, kwa hiyo sheria ilimpa msimamizi, na msimamizi ni Winfrida. Usimamizi ungekoma siku Otmar atakapopewa cheti cha kumaliza tiba. Zilibaki siku tisa. Ndani ya siku hizo dole gumba la Winfrida lilitosha. Hakukuwa na haja ya kumleta mgonjwa, wala ya kumwambia. Punje ingepokea amri popote alipo.

Winfrida aliuliza, wewe ungefanyaje? Tabibu akasema yeye angemwambia kwanza. Akaongeza kwamba yeye hana mtoto, kwa hiyo lisitiliwe maanani sana.

Nne

Karakana ya Otmar ilikuwa barabarani, mkabala na kituo cha malori ya mbao yasiyo na dereva. Alikuwa anatengeneza madawati ya shule ya msingi, arobaini, na thelathini na moja yalikwisha. Mke wake Rustika alirudi miezi minne iliyopita, akamrudisha na mtoto, Tasiana, wa miaka mitatu, ambaye baba yake alikuwa hajawahi kuruhusiwa kumbeba kabla ya hapo. Winfrida alimkuta mtoto amekaa kwenye maranda anayamwaga kichwani kwake.

“Shikamoo, dada,” Otmar akasema, akamfutia benchi.

Akamwagia chai ya chupa. Akaanza maneno, maana siku hizi alikuwa msemaji, miaka minane yote alikuwa hajaongea na watu. Akamsimulia kwamba kinachomshangaza ni kimya. Anapiga randa, na anachosikia ni randa. Watu hawajui raha hiyo. Anaamka asubuhi anakaa kitandani dakika kumi, anasikiliza tu mke wake anavyopumua, na hakuna anayekohoa. Akauliza Imelda anaendeleaje na kichwa chake.

Winfrida alikuwa amejipanga njia nzima, na mpango wote ukamtoka. Akamwomba Rustika amchukue mtoto. Kisha akamwambia: mikono ya Imelda, vidole vitatu, tangi la maji, mistari minne, tofali. Alipofika kwenye taa nyekundu akakwama, akasema kuna jambo langu ambalo sijawahi kuwaambia.

“Una kifafa,” Otmar akasema. “Tunajua, dada.”

Winfrida akauliza nani mwingine anajua.

“Sote tunajua, tangu uko shule. Mama alitukataza tusikuonyeshe. Alisema utaona aibu.”

“Na siku nilipomleta Imelda amevaa utepe?”

“Menas alitaka kukwambia nyumba yako ipumzike. Akashindwa aanzie wapi bila kukufedhehesha. Tukasema labda umekwishamuuliza tabibu, wewe ndiye mwenye akili.” Akafikiri kidogo. “Mimi sikusema kitu. Nilikuwa naanza kusikia vizuri, nikaogopa zamu isikatike.”

Ewe Mola. Miaka ishirini na minane anameza vidonge kwa kujificha, na ndugu zake wanageuza uso ili ajifiche vizuri. Kikao kizima kilikuwa kimekaa pale, watu wazima wanne wanaopendana, wanatazama shingo ya mtoto, kila mmoja anamwonea mwenzake haya. Winfrida alitaka kucheka. Ilitoka sauti nyingine ambayo yeye mwenyewe hakuitambua.

Ilipokwisha, akamwomba. Alimwomba kwa jina la mama yao, na kwa ile kamba, ambayo yeye ndiye aliyeifungua. Otmar alisikiliza mpaka mwisho, ana heshima. Kisha akaweka chai chini.

“Sikubali,” akasema.

“Otmar.”

“Sikubali, dada. Nimerudi juzi tu. Mtoto wangu hajazoea hata kuniita baba.”

“Angekuwa Tasiana?”

“Angekuwa Tasiana ningesaini. Nisingekuja kwako kunywa chai kwanza.” Hakupandisha sauti. “Kwa hiyo saini. Sheria ni yako siku hizi tisa. Lakini usinitake nikubali ili wewe upate usingizi. Waandikie kwamba Otmar Mligo alikuwa na akili zake timamu, akaulizwa, akakataa.”

Winfrida alitamani asikie kitu kingine. Angalau angemtukana. Angalau angeshika patasi akamfukuza, ingekuwa rahisi kusema ugonjwa umeanza kurudi wenyewe. Lakini mdogo wake alikuwa mzima kabisa, mzima kuliko alivyowahi kuwa tangu utoto, na uzima huo ndio uliokuwa unamjibu.

Otmar akauliza siku. Winfrida akasema Alhamisi, asubuhi. Akapiga hesabu kwa vidole: madawati tisa, siku nne, yatakwisha. Jumatano atampeleka Rustika na mtoto kwa wakwe zake, hataki wamwone. Menas aje awe naye, anajua kushika bila kuumiza.

“Wewe usiingie,” akasema. “Hata nikisemaje. Hilo niahidi.”

Winfrida akaahidi.

Tano

Alhamisi ukungu ulikuwa mzito, na malori yalipita yakipiga honi yenyewe. Menas alikuwa ndani tangu alfajiri. Winfrida alisimama nje ya karakana, ameegemea rundo la madawati arobaini yaliyofunikwa turubai, kibao cha Lihanga mkononi.

Fomu ilikuwa fupi. Jina la mgonjwa, jina la msimamizi, sababu. Halafu palikuwa na swali: mgonjwa ameridhia? Akabonyeza hapana. Kibao kikauliza kama ana uhakika. Kikamweleza kwamba kwa kuwa mgonjwa amepimwa mwezi huu na kuonekana ana akili timamu, jibu hilo litahifadhiwa kwenye kumbukumbu yake daima. Akabonyeza ndiyo. Akaweka dole gumba. Lilikuwa limeloa ukungu, halikusomeka. Ikabidi alifute kwenye khanga na kuliweka tena.

Alikwishaambiwa itachukua kama dakika arobaini. Ndani Otmar na Menas walikuwa wanazungumzia mbao, ubora wa mvinje na ubaya wa msonobari uliokatwa mapema. Sauti zao zilikuwa za kawaida. Menas alicheka mara moja.

Dakika ya ishirini na kitu Kolumba akapiga simu kutoka nyumbani. Imelda alikuwa amekwenda nyuma ya tangi akasimama pale, akarudi, akasema hakuna mtu. Ameomba uji. Amekunywa vikombe viwili na sasa amelala, mikono iko nje ya blanketi, imetulia. Kolumba alikuwa analia kwa furaha. Winfrida akamwambia asante, akakata simu. Furaha ilimjia kweli, ikamjaa kifuani, na aliichukia kwa kuja pale alipokuwa amesimama.

Ndani, mazungumzo ya mbao yakakatika katikati ya sentensi.

Kwanza alisikia benchi likisogezwa. Kisha Menas akisema pole, pole, niko hapa, mimi ni Menas. Kisha kitu kizito kikaanguka. Otmar akauliza nani amefunga mlango. Akauliza ni wangapi. Akasema wamekuja, nilisema watakuja, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya juu, ya mtoto aliyepotea sokoni.

Halafu akaita dada.

Miaka yote ya ugonjwa alikuwa na desturi hiyo. Akizidiwa hakumtaka mama, wala mke, wala padri. Alimtaka Winfrida, na Winfrida alikwenda, hata usiku wa manane alikwenda. Aliita mara ya pili. Mara ya tatu akaita kwa jina, kitu ambacho mdogo mtu hafanyi.

Menas akatoka, shati limechanika kwenye bega, uso umemwiva.

“Anakuita wewe,” akasema. “Hataki nimguse. Ingia, Winfrida.”

“Alinikataza.”

“Alikukataza akiwa mzima. Sasa hivi hajui hata alikukataza.”

“Najua.”

“Anateseka mle.”

“Najua, kaka. Nenda kamshike.”

Menas alimwangalia kwa jicho ambalo ndugu hamwangalii ndugu, akarudi ndani. Winfrida alijua kaka yake ameelewa vibaya, na hakuwa na nguvu za kumweleza, wala hakuwa na hakika kama ameelewa vibaya. Neno moja la Otmar mwenye akili zake alikwishalikanyaga asubuhi ile. Hili la pili alikuwa amelishika, na lilikuwa zito.

Otmar aliendelea kuita. Aliita kwa kubembeleza, aliita kwa matusi, aliahidi kwamba hatavuta tena, hatavuta tena, dada, nitoe. Watu waliokuwa wanapita barabarani walisimama, wakamtazama mwanamke aliyekaa chini karibu na madawati huku mdogo wake analia ndani, wakanong’onezana wakaenda zao. Winfrida hakuziba masikio. Alikaa palepale mpaka sauti ya Otmar ikakauka, na ilipokauka, akabaki.